Mvua ya Kwanza ya Umuhindo: Zoezi la Kutuliza Moyo kwa Wakazi wa Gitambi

Kijitabu hiki kina zoezi moja tu. Ni la mtu ambaye mwili umelala lakini moyo bado unatembea: mama anayehesabu madeni usiku wa manane, kijana aliyemaliza shule na hajapata kazi, mzee anayeshtushwa na kelele ndogo, mfanyabiashara anayevuka kwenda Kongo asijue kesho mpaka utakuwa wazi au umefungwa. Linachukua kama robo saa. Mtu mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza. Mahali pake ni popote watu wa Gitambi, hapa Rusizi, wanapokutana tayari: kwenye mkutano wa jioni wa familia, Umugoroba w'Imiryango, kwenye kikundi cha akiba, darasani wanafunzi wakishaondoka, au nyumbani watoto wakishalala.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini masoko ya Bugarama na Kamembe yalikuwa yakikitumia na watu wa Bukavu, Uvira na Burundi miaka mingi kabla ya hapo. Ukiwasomea wazee wasiokizoea, wageuzie kwa Kinyarwanda palepale. Usiogope kubadili maneno. Linda mwendo wa polepole tu.

Kwa nini tumechagua umuhindo, mvua ya kupanda

Mazoezi ya kutuliza moyo yamejaa kwenye simu siku hizi, na mengi yametungwa kwa majira ambayo Gitambi haina. Sauti laini inakuambia ufumbe macho na kuona msitu wa majani mekundu na ya manjano yakidondoka moja moja, ubaridi ukikaribia. Ndugu zetu waliohamia Brussels au Montreal wanayaona majani hayo kila Oktoba. Kule siku hufupika kwa saa nyingi, mti ukaacha kutengeneza rangi ya kijani, kikonyo cha jani kikajikata, nalo likaanguka. Gitambi iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima, tofauti haifiki dakika 20. Hakuna mti wa hapa unaoambiwa na jua kwamba muda wa kupukutika umefika.

Hapa kinachoamuru ni maji. Tazama umuko. Wakati wa impeshyi, kile kiangazi kirefu cha kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, mti huo hupukutisha majani, kisha huchanua maua mekundu matawi yakiwa matupu. Mvua ikirudi, majani nayo yanarudi. Na chini ya miti yetu ya kahawa majani makavu yapo mwaka mzima, maana mkulima wa kahawa hutandika isaso, yaani nyasi na majani ya migomba yaliyokauka, ili ardhi isikauke na magugu yasiote. Kazi hiyo ina historia ndefu huku kwetu: kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa na wamisionari Mibilizi mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo kuna aina ya kahawa inayoitwa kwa jina la mahali hapo. Majani yanayooza taratibu, yakiutunza mti uliosimama juu yake, tunayo. Hatuna haja ya kuyaazima Kanada.

Ndiyo maana zoezi hili linaanzia kwenye mvua za kwanza za umuhindo, kati ya Septemba na Oktoba, majembe yanapotoka ndani na maharage na mahindi ya msimu A wa kilimo yanapoingia ardhini. Mtu hutulia upesi zaidi akipelekwa mahali ambapo ngozi yake na pua yake vimewahi kufika. Chukua harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa. Inatengenezwa na vijidudu wa udongoni, na matone yanapogonga ardhi huirusha hewani. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno, na njia yake kwenda kwenye sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na hisia ni fupi. Ukiitaja tu mbele ya mtu aliyelima, kifua chake kinajua unasema nini.

Iko sababu nyingine, nzito kuliko hiyo. Mvua zetu kubwa ni za itumba, Machi hadi Mei, na ndani yake iko Aprili. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994, na waliokimbilia parokia ya Mibilizi wakidhani watasalimika, wengi wao hawakusalimika. Kwa manusura wengi, sauti ya mvua ya Aprili juu ya bati haitulizi hata kidogo. Hatukutaka kumwambia mtu wa aina hiyo apumzike ndani ya mvua ileile iliyokuwa ikinyesha alipokuwa amejificha. Umuhindo ni mvua ya kupanda, na kwa wengi ni nyepesi zaidi.

Kwa wengi, si kwa wote. Wako Rusizi ambao mwili wao bado unakumbuka asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipoangusha nyumba na makanisa pande zote mbili za mpaka, na ngurumo ya radi huwarudisha kule. Wako waliokuja wakikimbia vita vya Kongo. Kila mtu anajijua, na zoezi hili linamwachia nafasi ya kukataa.

Pumzi inafanya nini

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akiingiwa na hofu pumzi hufupika na kuongezeka, moyo huenda mbio, mabega hupanda, tumbo hukaza. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo ukatii. Pumzi unaweza kuiongoza, na moyo huifuata: tukivuta, mapigo yanaongezeka kidogo; tukitoa, yanapungua. Mpango huo unaendeshwa na neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo anayerefusha kutoa pumzi anaupa moyo nafasi ndefu zaidi ya kupoa. Katika zoezi hili tunashuka taratibu hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, bila kulazimisha. Anayesikia kizunguzungu arudi kwenye pumzi yake ya kawaida.

Kutulia huku hakulipi deni wala hakuleti mbolea. Kunakupa kichwa kinachoweza kupanga namna ya kulipa deni, na usingizi wa kuamkia shamba. Kwetu sisi tulioandaa kijitabu hiki, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kusoma

Chagua mahali penye paa. Hili tunalikazia kwa sababu mtu akisikia neno mvua anaweza kudhani inafaa kukaa nje, chini ya mti, ainuse. Radi za nchi yetu zinaua: tarehe 10 Machi 2018, radi moja ilipiga kanisa Nyaruguru, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, na watu 16 wakafa. Ngurumo ikisikika ingieni ndani, kaeni mbali na milango na madirisha, chomoeni simu zinazochajiwa.

Kila mtu ashike mbegu kadhaa za maharage mkononi. Maharage yapo kila nyumba, na yana kazi: akili ikianza kukimbilia mbali, vidole vinairudisha kwenye kitu kigumu, laini, chenye ubaridi, kilichopo sasa.

Usimlazimishe mtu kufumba macho. Hili ndilo kosa kubwa la mazoezi mengi ya simu. Mwenye kumbukumbu nzito akifumba macho huachwa peke yake nazo. Mwambie atazame sakafu, au mikono yake, au mlango. Mwambie pia, kabla hujaanza, kwamba anaruhusiwa kunyanyuka na kutoka bila kuomba ruhusa na bila kuulizwa kitu baadaye. Mlango usifungwe.

Wengine watauliza kama hii ni ibada ya kigeni. Si ibada. Hakuna anayeitwa jina wala kuombwa. Mkatoliki atasali rozari yake, Mpentekoste ataomba, Mwislamu wa Bugarama ataswali, na zoezi hili halichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo.

Msomaji, soma taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Penye neno Kimya, vuta na utoe pumzi zako mwenyewe mara tatu ndipo uendelee. Tunatumia wewe, si ninyi, ili kila mmoja asikie kana kwamba ameambiwa peke yake.

Zoezi

Karibu. Kaa unavyojisikia vizuri. Kama ni kwenye kiti, nyayo zote mbili ziguse chini. Kama ni kwenye mkeka, nyoosha miguu au ikunje, ni hiari yako. Macho yatulie mahali pamoja hapa karibu. Ukitaka kuyafumba, fumba. Usipotaka, yaache wazi.

Sikia uzito wa mwili wako. Kiti kimekubeba. Sakafu imekibeba kiti. Ardhi ya Gitambi imeibeba sakafu. Kwa dakika hizi chache huna mzigo kichwani wala mtoto mgongoni. Kimya.

Sasa sikia mbegu zilizo mkononi mwako. Zisugue kwa kidole gumba. Ipo iliyo kubwa, ipo iliyo ndogo. Moja ina kovu dogo ubavuni, pale iliposhikamana na ganda. Litafute. Kimya.

Ni mwisho wa impeshyi. Umesimama kwenye mteremko, mahali unapopajua, na udongo chini ya miguu yako ni mkavu. Vumbi limekaa juu ya majani ya migomba. Nyasi zimegeuka rangi. Kule bondeni joto limetanda juu ya mashamba ya mpunga ya Bugarama. Umuko umesimama hauna jani, una maua mekundu tu. Hakuna anayeulaumu. Uko katika majira yake.

Vuta pumzi kwa pua, pole. Toa kwa mdomo, pole zaidi, kana kwamba unapoza chai. Tena. Vuta. Toa, usiwe na haraka. Tena. Vuta. Toa mpaka iishe yenyewe. Kimya.

Tazama upande wa Kongo. Milima ya ng'ambo imefunikwa na wingu. Upepo umebadilika, unagusa shingo yako. Kuku wanaingia chini ya ukingo wa paa. Mtu fulani anaita watoto waanue nguo. Nawe ingia ndani, simama mlangoni. Upo mahali pakavu. Upo salama.

Tone la kwanza linaanguka kwenye vumbi, linaacha alama ya duara. La pili. La tatu. Halafu bati lote linaanza kusema. Sikia sauti hiyo inavyojaa nyumba. Na sasa harufu inapanda. Ivute. Ni harufu ya udongo wako. Vuta. Toa. Vuta. Toa. Kimya.

Mvua inapungua. Inabaki kudondoka kwenye migomba, tone, na tone, na tone. Toka nje. Ardhi imelainika. Tembea hadi kwenye miti ya kahawa. Chini yake kuna majani makavu, sasa yamelowa, yamekuwa ya kahawia iliyoiva. Yalikuwa ya kijani zamani. Yamemaliza kazi ya juu, sasa yanafanya kazi ya chini. Yanaushikia mti maji.

Kama kuna jambo linalokulemea leo, litaje moyoni. Moja tu, na si lile kubwa kuliko yote. Ukitoa pumzi, liweke chini kati ya majani hayo. Hukulitupa. Hakuna atakayelichukua. Litakuwa palepale utakapolirudia ukiwa na nguvu. Vuta pumzi. Toa, liweke. Vuta. Toa, liache hapo. Kimya.

Kama halikubali kuwekwa, si vibaya. Rudi kwenye mbegu zilizo mkononi. Zisugue. Hesabu ziko ngapi.

Sasa jembe limeshafungua shimo dogo mbele yako. Chagua mbegu moja. Iinamie ardhi, uiweke ndani. Funika kwa udongo kidogo, kwa mkono, usikandamize. Leo hutaona kitu. Kesho hutaona kitu. Mbegu inakunywa maji bila kukuuliza, na wewe huna la kufanya ila kuvuta pumzi na kutoa. Kimya.

Kabla ya Noeli maharage yatakuwa yamepanda juu ya fito zake. Leo si siku ya kuvuna. Leo ni siku ya udongo uliolowa. Vuta. Toa. Vuta. Toa. Kimya.

Tunarudi polepole. Sikia tena sauti za hapa tulipo: mtu anayekohoa, pikipiki inayopita barabarani, mtoto wa jirani. Chezesha vidole vya miguu. Finya mbegu zako, kisha ziachie. Geuza shingo kushoto, geuza kulia. Tazama vitu vitatu vilivyomo humu na uvitaje moyoni kwa majina yake. Leo ni siku gani? Jijibu. Umefika.

Baada ya kusoma

Msiulizane kila mmoja ameona nini. Anayetaka kusema atasema, na anayetaka kunyamaza aheshimiwe. Wapeni watu maji ya kunywa, au chai ikiwapo, mkae kidogo kabla ya kutawanyika. Mtu asitoke hapo moja kwa moja kwenda kupanda pikipiki.

Mara ya kwanza wengi hawasikii kitu kikubwa. Wengine hulala, na kulala si kushindwa. Faida yake huja kwa kurudia, siku nyingi mfululizo, saa ileile ikiwezekana. Likifanywa jioni husaidia usingizi. Anayelifanya peke yake hahitaji kukariri maneno yote. Akumbuke mbegu mkononi, pumzi ndefu ya kutoa, mvua juu ya bati, majani chini ya mti wa kahawa. Mwezi wa Julai, hakuna wingu hata moja, bado linafaa.

Zingatia kwamba wakati wa Kwibuka, yaani kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, Aprili hadi Julai, zoezi hili lisisomwe kwa kikundi kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya ya akili. Kipindi hicho kina taratibu zake na watu waliofundishwa kuwasindikiza wenye kuzidiwa.

Mtu akianza kutetemeka, kulia bila kukoma, au kusema kana kwamba yuko mahali pengine au mwaka mwingine, acha kusoma. Mwite kwa jina lake. Mwambie uko naye, mtajie mahali mlipo na mwaka tulio nao, mwombe akanyage sakafu kwa nguvu. Usimkumbatie kwa ghafla. Wengine wasijazane kumzunguka. Akipoa, asirudi nyumbani peke yake.

Zoezi linapofika mwisho wa nguvu zake

Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2018 na Rwanda Biomedical Centre, RBC, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano katika watu wa kawaida alikuwa na tatizo la afya ya akili la aina fulani, na asilimia 12 walikuwa na msongo mkubwa wa huzuni. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari, walio na tatizo walikuwa zaidi ya nusu. Utafiti huohuo ulikuta kwamba wengi hawakuwahi kutafuta huduma. Hizi si namba za nchi ya mbali. Ukihesabu waliokaa nawe kwenye benchi la kanisa au kwenye foleni ya kupima kahawa, wamo.

Pumzi na mbegu ya maharage haviwezi kumtibu mtu asiyelala wiki nzima, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyeacha kula, anayezama kwenye pombe kila jioni, au anayesema afadhali asingekuwepo. Huyo anahitaji mhudumu aliyesomea kazi hiyo, na huduma hiyo haiko Kigali peke yake. Anza kwa umujyanama w'ubuzima, mhudumu wa afya wa umudugudu wako. Yeye atakuelekeza kituo cha afya, na kituo kitakupeleka hospitali ya Mibilizi au Gihundwe ikibidi. Bima ya afya ya mituweli hutumika kwa maradhi haya kama kwa malaria.

Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi. Utasikia mtu akisema ndugu yake amerogwa, au ni mvivu, au anajifanya. Usimwachie mgonjwa abishane na maneno hayo peke yake. Msindikize, keti naye kwenye benchi, ingia naye ndani akikuomba. Na akisema anataka kujiua, usimwache hata kidogo: ondoa dawa za shambani na kamba zilizo karibu, piga simu 114 kwa ushauri au 912 kwa dharura, zote bila malipo, na mpeleke siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.